Ukingo juu ya paa

Masomo: Kumbukumbu la Torati 22:8 na 19:4-5, Walawi 4, Kutoka 17:12, Ayubu 32

Neno hili lilisemwa katika radio yetu siku ya Mungu asubuhi. Tunalichapa kwa ajili ya wale waliokuwa shambani na wale ambao mawe ya radio zao yalikuwa yamekwisha.

Tunawasalimu ninyi wa Kabambare, ninyi mlio kwenye njia ya Kasongo, ninyi wa Salamabila na wa machimbo ya Namoya, na ninyi mliolala hopitalini mkisikiliza radio ya mgonjwa wa kitanda cha pili. Kwa ajili ya hao wa mwisho tunaomba uvumilivu. Leo tutasema juu ya makosa yanayotokea katika chumba cha kupasulia, na hatutaki mtu ang'oe serumu mkononi akimbilie nyumbani. Sikilizeni mpaka mwisho. Tutasema pia juu ya kosa letu sisi wenyewe, nalo ndilo lililotuleta hapa.

Fungueni Kumbukumbu la Torati 22, mstari wa 8. Mungu anawaagiza Waisraeli kwamba mtu akijenga nyumba mpya aweke ukingo kuzunguka paa, asije mtu akaanguka kutoka juu na nyumba ikawa na hatia ya damu. Paa zao hazikuwa za nyasi wala za mabati yenye kuteremka kama zetu. Zilikuwa sawasawa kama sakafu. Watu walipanda jioni kupunga hewa, waliomba huko, walianika vitu huko, kama yule Rahabu wa Yeriko aliyeficha wapelelezi chini ya kitani chake. Sasa tazameni. Sheria haisemi kwamba ukingo ni kwa ajili ya walevi. Haisemi kwamba mcha Mungu anaweza kutembea pembeni bila kuanguka. Inahesabu hivi: watu watapanda, siku zitapita, na siku moja mmoja atakanyaga vibaya. Mungu anaujua mguu wa mwanadamu. Hakungoja mtu aanguke ndipo aulize nani alaumiwe. Aliagiza ukingo siku ile ile ya kujenga.

Sisi wahubiri tumezoea kuyatia mabaya yote katika vikapu viwili, dhambi ya mtu na kazi ya shetani. Biblia ina kikapu cha tatu, na tunapita karibu nacho bila kukiangalia. Katika Kumbukumbu 19 kuna watu wawili walioingia msituni kukata miti. Mmoja ananyanyua shoka, chuma kinachomoka katika mpini, kinampiga mwenzake, anakufa. Hawakuwa na uadui. Ninyi mnaofyeka mashamba mapya kila mwaka mnajua vizuri shoka la namna hiyo. Na katika Walawi 4 kuna sadaka kwa ajili ya yule aliyekosa bila kukusudia, na wa kwanza kutajwa ni kuhani mwenyewe, kabla ya mkutano wote, kabla ya mtawala, kabla ya mtu wa kawaida. Tulipokuwa shule ya Biblia tulipita sura hiyo mbio, kwa sababu haikutoka katika mtihani.

Basi, tuingie hopitalini.

Mwezi wa Novemba 2007, katika Taasisi ya Mifupa ya Muhimbili, Dar es Salaam, walilala vijana wawili. Mmoja alikuwa na ugonjwa kichwani, mwingine gotini. Jina lao la kwanza lilikuwa moja. Yule wa goti alifunguliwa kichwa, na yule wa kichwa alipasuliwa goti. Mmoja alikufa baadaye, mwingine alibaki na ulemavu na kupelekwa India kutafuta matibabu. Hopitali hiyo si kibanda cha kijijini. Wagonjwa wa Tanzania nzima hupelekwa pale. Miaka kumi ikapita. Mwanzoni mwa 2018, katika Hopitali ya Taifa ya Kenyatta, Nairobi, mtu alifunguliwa fuvu ili watoe damu iliyoganda katika ubongo. Walitafuta kwa saa nyingi, damu hawakuiona. Ndipo wakajua kwamba mwenye damu ile alikuwa mgonjwa mwingine, na huyu aliye mezani alikuwa na uvimbe tu wa kutibiwa bila kisu. Vitambulisho vilikuwa vimebadilishana.

Ndugu, hapa Maniema katika jumba moja la wagonjwa utapata akina Ramazani watatu na akina mama Zaina wawili. Isaka naye alikuwa na watoto wawili tu, tena mapacha wasiofanana, na bado akambariki asiye yeye. Mwanzo 27 inasema alisikia kwamba sauti ni ya mmoja na mikono ni ya mwingine. Alikuwa na shaka! Lakini akala, akaendelea.

Mtu atauliza, je, makosa haya yanaweza kuhesabiwa kabla hayajatokea? Ndiyo, na kuna watu ambao kazi yao ni hiyo. Mwingereza mmoja, Jerry Williams, katika miaka ya 1980 alitengeneza njia ya kukadiria ni mara ngapi mwanadamu anaweza kukosea katika kazi zenye hatari, kama vile mitambo ya nguvu za nyuklia, na watu wa hopitali wakaja kuiazima. Unaanza kwa kuuliza kazi yenyewe ni ya namna gani. Kisha unauliza inafanywa katika hali gani. Mtu akikutana na jambo asilolizoea, uwezekano wa kukosea unaweza kupanda hadi mara 17. Akikosa muda wa kuona kosa lake na kulirekebisha, hadi mara 11. Yaani kazi ambayo mtu mtulivu angeikosea mara moja kati ya 1000, huyo anayekimbizwa anaweza kuikosea mara 11. Ni mtu yule yule, mwenye diploma ile ile, na roho ile ile ya kumpenda Mungu. Kilichobadilika ni usiku ule.

Tuhesabu kidogo pamoja. Hata wamama wanaouza sokoni wataweza. Chukueni timu nzuri sana, inayokosea mara 1 tu kati ya 100 katika kila hatua. Upasuaji mmoja uwe na hatua 20: kujua jina, kujua mahali pa kukata, damu, dawa ya usingizi, kuosha vyombo, kuhesabu vitambaa, na nyingine. Mkifanya hesabu, katika kila wagonjwa 100, kama 18 watakuwa na hatua moja au zaidi iliyokosewa. Nyingi hazitaleta neno. Lakini mnaona kwamba wema wa mtu mmoja mmoja hautoshi? Sasa mwekeni mtu wa pili, naye kazi yake ni kuangalia kila hatua, na katika makosa kumi ya mwenzake moja tu limpite. Lile kosa 1 kati ya 100 linakuwa 1 kati ya 1000. Ila ni lazima wa pili aangalie kweli. Kama anasema tu "amina" kwa kila neno la mkubwa wake, hesabu inarudi pale ilipokuwa. Tena tunawafahamu watu wa amina za namna hiyo. Tunao hata kanisani.

James Reason, mwalimu wa saikolojia wa Uingereza, alifananisha jambo hili na vipande vya jibini vyenye matundu. Huku kwetu tuseme nyasi za paa. Kila tabaka la nyasi lina matundu, na hakuna anayelala amelowa kwa sababu ya tundu moja. Mvua inaingia siku ile matundu ya matabaka yote yanapokutana mahali pamoja.

Mwaka 2008 shirika la afya la dunia, OMS, lilitoa karatasi moja yenye mambo 19 ya kuuliza kwa sauti kubwa. Timu inasimama mara tatu: kabla ya dawa ya usingizi, kabla ya kukata, na kabla mgonjwa hajatoka. Jina lako nani? Tunapasua nini, upande gani? Kila mtu chumbani ataje jina lake na kazi yake. Mwishoni, vyombo na vitambaa vimehesabiwa, vimetimia? Walijaribu karatasi hiyo katika hopitali nane za miji nane: London, Seattle, Toronto, Auckland, Amman, Manila, New Delhi, na, sikilizeni vizuri, Ifakara, Tanzania, mji mdogo wa wakulima wa mpunga wanaosema Kiswahili kama sisi. Kabla ya karatasi, wagonjwa 11 kati ya 100 walipata madhara makubwa baada ya kupasuliwa. Baada yake wakawa 7. Waliokufa walikuwa 15 katika kila 1000, wakawa 8. Hayo yalitangazwa Januari 2009. Hapakuletwa mashini mpya ya bei kubwa. Watu walisimama, wakaulizana.

Lakini tusiipigie karatasi magoti. Katika jimbo la Ontario, Kanada, hopitali 101 ziliagizwa kuitumia, na uchunguzi wa 2014 haukuona badiliko la maana. Sababu zinabishaniwa mpaka leo. Sisi tunaamini wale wanaosema kwamba karatasi inaweza kujazwa alama bila mtu kuuliza kitu. Mafarisayo nao walijaza kila mstari.

Sasa tuseme ya kwetu. Mahali hatutapataja, wala hopitali, kwa maana hatukuja kumshitaki mtu.

Mama mmoja wa kanisa letu alipasuliwa usiku ili azae. Mtoto alilia, tukamshukuru Mungu. Baada ya majuma machache tumbo la mama lilianza kuuma, likavimba upande mmoja, homa ikawa ya kila jioni. Alirudishwa hopitali, akapewa dawa, akatoka, ikarudi. Ndipo wakaja kwetu. Kikundi cha waombezi kilifunga siku tatu. Siku ya tatu mwombezi mmoja alisema ameona kitambaa cheupe. Hakusema zaidi ya hapo. Lakini katika ukoo ule kulikuwa na shangazi ya bwana, mjane, ambaye kila siku hufunga kitambaa cheupe kichwani tangu kufiwa. Watu wakageuka, wakamtazama. Na sisi, wachungaji, tuliokuwa na kipaza sauti mkononi, hatukuwazuia. Tuliweka mikono juu ya mgonjwa, tukamkemea "yule anayekaa karibu". Kila mtu alijua ni nani. Juma lile vijana wa ukoo walitoa vyombo vya shangazi nje. Alikwenda kwa ndugu zake, ng'ambo ya Luama.

Mwezi wa nne mama yule alibebwa kwa kipoyi mpaka hopitali nyingine. Walimfungua tena. Ndani yake kulikuwa na kompresi, kile kitambaa cheupe cha kufyonza damu, kimekaa pale tangu usiku wa kuzaa. Mama alipona. Anaimba katika kwaya.

Juu ya yale maono watu wametuuliza mara nyingi. Hatutayafanya ushuhuda. Kama Roho wa Mungu alionyesha kitambaa, basi alionyesha kilipokuwa, na sisi tulikipeleka kichwani mwa mjane.

Baadaye alitujia binti mmoja aliyekuwa mwanafunzi wa uuguzi katika chumba kile usiku ule. Ametupa ruhusa kusema, bila jina. Alisema: "Mchungaji, mimi nilijua kimoja kinakosekana. Nilihesabu moyoni. Taa ya sola ilikuwa imepungua, tukatumia tochi. Mwuguzi mkubwa aliitwa kwenye mama mwingine aliyekuwa akitoka damu. Daktari alikuwa amekwisha kuanza kushona. Niliogopa." Tukamwuliza, "Mwanangu, uliogopa nini?" Akasema, "Mimi nani, niseme mkubwa amekosea?"

Someni Ayubu 32. Elihu alikaa kimya siku zote zile kwa sababu wenzake walikuwa wazee kumpita. Maana, heshima ni kitu chema. Sisi wa Maniema tumelelewa nayo, mtoto hamkatizi mkubwa neno. Lakini chumba kile si barza. Mle, neno la mdogo ndilo ukingo wa paa. Na ni nani aliyemfundisha binti huyu kwamba mkubwa hakosi? Tulijiuliza usiku huo. Ni shule yake, ni nyumbani kwao, na ni sisi pia, kwa maana katika kanisa letu mtu akimwambia mchungaji kwamba amekosea mstari anahesabiwa kuwa mwasi.

Musa alikuwa mtu wa Mungu, na mikono yake ilichoka. Kutoka 17. Haruni na Huri hawakumwambia aongeze imani; walimletea jiwe akalie, wakamshika mikono, mmoja huku, mmoja huku, mpaka jua lilipotua. Daktari aliyeamshwa usiku wa tatu mfululizo naye ana mikono ya nyama. Kumwombea asubuhi ni vizuri. Kumwambia "Daktari, vitambaa ni tisa, vilikuwa kumi" ni kumshika mkono.

Kuna jambo moja ambalo kanisa linaweza kulifanya kesho asubuhi. Uchunguzi mkubwa wa Afrika uliotangazwa mwaka 2018 ulifuata wagonjwa zaidi ya 11,000 katika hopitali 247 za nchi 25 za bara letu. Walikufa kama 2 kati ya 100, mara mbili ya wastani wa dunia, ingawa wengi wao walikuwa vijana wenye afya. Na zaidi ya tisa katika kila kumi ya waliokufa hawakufa mezani. Walikufa baada ya siku ya kupasuliwa, yaani kitandani, katika jumba, mara nyingi usiku, ambapo mwuguzi ni mmoja na vitanda ni vingi. Nani anakaa karibu na kitanda hicho? Ni ninyi. Ni mama mkwe, ni dada, ni mama wa kanisa aliyeleta uji. Basi mlinzi wa mgonjwa asiwe wa kupika tu. Aangalie pumzi, aangalie kitambaa cha kidonda kama kimelowa damu, aguse mwili kama umeshika homa au umekuwa baridi, na akiona badiliko aende kumwamsha mwuguzi, bila kuogopa kukemewa. Na mgonjwa mwenyewe, kabla ya dawa ya usingizi, ataje jina lake lote, la baba, la kijiji, na aonyeshe kwa kidole mahali panapouma. Hiyo si kukosa imani. Mungu anakujua kwa jina. Muganga aliyepokea zamu jioni hii hakujui.

Na baada ya kosa, tufanye nini? Tunasikia watu wakisema mwuguzi apigwe, daktari afukuzwe. Kule Nairobi wanne walisimamishwa kazi, mkubwa wa hopitali akapelekwa likizo ya lazima, madaktari wenzao wakapinga. Hatuwezi kumhukumu mtu kutoka huku. Ila tutazameni sheria ya shoka. Aliyeua bila kusudi alikimbilia mji wa makimbilio ili mlipiza kisasi asimpate moto wa moyo ukiwa bado unawaka. Lakini hakuwekwa huru papo hapo. Hesabu 35 inasema mkutano uliamua habari yake, tena alikaa huko, mbali na shamba lake, mpaka kufa kwa kuhani mkuu. Kosa lilikuwa na mahali pa kusemwa bila kuuawa. Mahali hapo pasipokuwapo, kila mtu ataficha kompresi yake. Na muganga aliyekuja kazini amelewa, au aliyeomba franka huku damu inamwagika, huyo hayumo katika shoka lililochomoka. Huyo ana sura nyingine katika sheria, tusimfunike kwa somo hili.

Tumesikia pia wakisema, basi tusiende hopitali, tukae katika vyumba vya maombi. Hapana. Hopitali ya Panzi kule Bukavu ilianzishwa mwaka 1999 na kanisa la Kipentekoste, CEPAC, na daktari Mukwege ni mtoto wa mchungaji wa Kipentekoste. Wamama waliofungwa kwa kusubiri uchungu siku nne vijijini wanashonwa kule. Na wapo pia walioumizwa na kisu chenyewe walipopasuliwa kuzaa mahali pengine. Nao wanashonwa kule kule, na kisu kingine. Kosa la mikono lilitengenezwa na mikono.

Mwezi uliopita tulivuka Luama na baiskeli, sisi na mzee mmoja wa kanisa. Tulimkuta shangazi akipepeta karanga. Tulikaa chini. Tulisema, "Mama, tumekuja kwa sababu tulikukosea." Tukamweleza habari ya kompresi. Alitusikiliza na ungo mikononi. Kisha akauliza kilikuwa kikubwa namna gani, tukamwonyesha kwa viganja viwili. Akanyamaza muda mrefu. Akasema: "Mulinikemea mbele ya watu na mashini yenu ya sauti. Sasa munaniomba musamaha kwenye karanga, hakuna mutu anasikia."

Alikuwa na haki. Ndiyo sababu tumesema leo katika radio, na ndiyo sababu tunachapa. Mama, jirani yako alituahidi kukufungulia radio yake saa hii. Hukufanya neno lolote juu ya mtoto wetu yule. Sisi ndio tuliokosa, na tunasema mbele ya watu.

Siku ya posho wazee wawili watakwenda na baiskeli mbili kumleta, kama atakubali. Ukoo umekwisha kusafisha nyumba yake, lakini mlango ulivunjwa siku ile. Fundi anataka mbao tatu na misumari. Mwenye nazo azilete kwa shemasi kabla ya siku ya tano.